Manowari kwenye bahari isiyo na mlango: nani alikuwa anapigana na nani Kaspi, 1918 mpaka 1920

Tangu tarehe 7 Oktoba 2015, siku Urusi iliporusha makombora 26 kutoka kwenye meli zake za Bahari ya Kaspi kwenda kupiga Syria, kuna swali haliishi kwa watu wanaofuatilia mambo ya vita: hivi manowari zilifikaje huko? Ukifungua ramani unaona maji yamezungukwa na nchi kavu pande zote, hamna pa kutokea, sasa meli za kivita zinafanya nini humo ndani. Halafu ukiambiwa kwamba hata Waingereza walishawahi kuwa na kikosi chao cha majini humohumo, miaka mia na kitu iliyopita, wakati Warusi wanapigana wao kwa wao, hapo ndo mtu anachanganyikiwa kabisa. Wengine wanasema walipita Suez, wengine wanasema walipanda mto Volga, wengine wanasema ni hadithi tu. Sio hadithi, ila namna ilivyotokea ni tofauti kabisa na watu wanavyodhani, na ngoja tuifungue taratibu.

Tuanze na maji yenyewe. Bahari ya Kaspi ina kama kilomita za mraba 371,000, yaani Ziwa Victoria linaingia humo mara tano na nafasi bado inabaki. Kutoka kaskazini mpaka kusini ni kama kilomita 1,200. Maji yake yana chumvi ila sio kali kama ya bahari kuu, na uso wake uko chini ya usawa wa bahari nyingine kwa karibu mita 28. Kusini kina kinapita mita 1,000, lakini kaskazini, kule mto Volga unakomwaga maji, kina ni mita tano sita tu kwa wastani, na kipande hicho cha kaskazini kiwekeni kichwani maana kimeamua mambo mengi sana. Kwa hiyo ubishi wa kama ni ziwa au ni bahari, kwa upande wa vita haubadilishi kitu, ni maji ambayo meli inaweza kwenda siku nzima bila kuona nchi kavu, dhoruba zipo, bandari zipo, na anayeyatawala ndo anaamua nani avuke na nani asivuke.

Njia ya meli kuingia ilikuwepo, moja. Kutoka Bahari ya Baltiki unapita maziwa na mifereji ya zamani iliyoitwa njia ya Mariinsky, unaingia mto Volga, unashuka nao mpaka mji wa Astrakhan, hapo ndo unatokea Kaspi. Mfereji wa Volga na Don ambao leo unaunganisha huko na Bahari Nyeusi haukuwepo, huo umefunguliwa 1952. Njia ya Mariinsky ilikuwa nyembamba na haikuchukua meli kubwa, lakini ilifanya kazi: Zoroaster, meli ya kubebea mafuta ya Ludvig Nobel (ndugu yake yule Alfred wa tuzo), ilijengwa Sweden mwaka 1878 na ikafika Kaspi kwa njia hiyohiyo. Na kikosi cha majini cha Kirusi kilikuwepo Kaspi tangu 1722, enzi za mfalme Peter, kwa hiyo manowari humo ndani sio kitu cha jana wala juzi.

Sasa fikiria yadi kubwa ya malori yenye geti moja tu, geti lenyewe ni jembamba, na kila mwaka miezi ya baridi linafungwa halipitiki kwa sababu ya barafu. Pampu ya mafuta iko mbali, ukuta wa upande mwingine kabisa. Mwenye geti anaweza kuingiza gari jipya toka nje, lakini hana mafuta. Mwenye pampu ana mafuta ya kumwaga, lakini gari jipya hapati, inabidi achukue yaliyomo ndani na kuyafanyia ufundi. Geti ni Astrakhan, pampu ni Baku, mji ambao mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa unatoa karibu nusu ya mafuta yote ya dunia. Ukishaelewa hilo umeelewa zaidi ya nusu ya vita vyenyewe.

Wahusika sasa, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Wekundu ni Wabolsheviki, wafuasi wa Lenin waliochukua madaraka Novemba 1917. Weupe ni mkusanyiko wa waliowapinga, wengi maofisa wa jeshi la mfalme, na hawakuwa chama kimoja wala serikali moja: Jenerali Denikin alikuwa kusini, Admirali Kolchak alikuwa Siberia, na katikati yao ndo kuna Kaspi. Lakini kosa kubwa ni kudhani walikuwa hao wawili tu. Kulikuwa na Waturuki wa dola la Osmani waliotaka Baku, kulikuwa na Azerbaijan iliyotangaza uhuru wake Mei 1918, kulikuwa na Waajemi (leo tunawaita Wairani) ambao ufukwe wote wa kusini ni wao ila tangu mkataba wa 1828 walikatazwa kuweka manowari kwenye maji ya mlangoni kwao, kulikuwa na Waingereza, na kulikuwa na mabaharia wenyewe.

Hao mabaharia watu huwa wanawaruka, na mimi naona ndo ufunguo wa mwaka 1918. Baku ilikuwa mikononi mwa Wabolsheviki chini ya Stepan Shaumian, Waturuki wakawa wanasogea, chakula hakuna, na mwishoni mwa Julai baraza la mji likapiga kura ya kuwaita Waingereza. Wabolsheviki wakashindwa kwa kura wakaondoka madarakani, na serikali iliyoshika nafasi yao tarehe 1 Agosti ilibeba jina la kamati ya mabaharia wa Kaspi, Tsentrokaspi. Yaani mji mkubwa wa mafuta duniani ulibadilishwa mwelekeo na watu wa melini, kwa sababu meli zenye mizinga ndo zilikuwa zimeegeshwa mbele ya mji. Wiki chache baadaye Shaumian na wenzake walipanda meli iitwayo Turkmen wakitegemea iwapeleke Astrakhan kwa wenzao, meli ikaenda Krasnovodsk ng'ambo ya pili kwa maadui zao, na tarehe 20 Septemba watu 26 wakapigwa risasi jangwani pembeni ya reli. Wengi wanajua kisa hicho kama ukatili wa Waingereza kwa sababu Moscow ilikitangaza hivyo miaka mingi, lakini waliowaua walikuwa watu wa serikali ya Ashkhabad (leo ni mji mkuu wa Turkmenistan) iliyokuwa inapinga Wabolsheviki, na kiasi gani Waingereza waliokuwa karibu na serikali hiyo walihusika bado kinabishaniwa mpaka leo.

Waingereza wenyewe walikuja kwanza na Jenerali Dunsterville, askari kama 1,000 tu, wakitokea Iraq kupitia Uajemi. Na hapa kuna jambo lingine linalosemwa vibaya, kwamba walikuja kuwapiga Wabolsheviki. Agosti 1918 Vita Kuu ya Kwanza bado inaendelea, hofu yao ilikuwa Waturuki na Wajerumani wasipate mafuta ya Baku na pamba ya ng'ambo, na wasipate njia ya kuelekea Afghanistan na India. Hawakuweza kuushika mji. Usiku wa tarehe 14 Septemba wakapanda meli wakarudi bandari ya Enzeli, Uajemi, kesho yake Waturuki wakaingia. Ila Dunsterville alishaona kitu: huku bila meli huna chochote, hata ukiwa na askari wangapi.

Ndo akaja Komodoro David Norris wa jeshi la majini la Uingereza, na ndo jibu la lile swali la walipitaje. Meli zao hazikupita popote, hazikuja kabisa. Walichobeba ni mizinga. Ilitolewa Baghdad ikapandishwa kwenye malori, ikavushwa milima ya Uajemi kwenye barabara mbovu karibu kilomita 1,000 mpaka Enzeli, na pale ikafungwa kwenye meli za kawaida za biashara zilizokuwa zinabeba mafuta na mizigo humo Kaspi. Majina yake tu yanakwambia zilikotoka: Emile Nobel, Asia, Venture, Windsor Castle, na meli ya komodoro mwenyewe ilikuwa Kruger, jina la yule rais wa Makaburu aliyepigana na Waingereza 1899. Mara nyingi mabaharia wa Kirusi waliendelea na injini zao na Waingereza wakasimamia mizinga, ndani ya meli moja, hawaelewani lugha. Moja, Alader Youssanoff, ikageuzwa ya kubeba ndege za kutua majini. Na mwanzoni mwa 1919, Bahari Nyeusi ikiwa imeshafunguka baada ya Waturuki kusalimu amri, boti 12 ndogo za mbio zenye torpido zikaletwa kwa treni kutoka Batum mpaka Baku.

Kwa sisi wa huku hilo sio geni hata kidogo. Mwaka 1915 jeshi hilohilo la majini lilisafirisha boti mbili, Mimi na Toutou, kwa treni kutoka Cape Town, zikakokotwa msituni na milimani Katanga mpaka Ziwa Tanganyika, na tarehe 26 Desemba zikaikamata Kingani ya Wajerumani. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe Graf von Götzen ili isichukuliwe, ikaja kuibuliwa, ndo hii Liemba ambayo watu wa Kigoma wameipanda miaka na miaka. Anayeijua historia ya Tanganyika hapati shida kuielewa Kaspi, mbinu ni ileile, tofauti ni mafuta.

Wekundu upande wao walikuwa na geti. Kuanzia Agosti 1918 Lenin aliamuru manowari zishushwe kutoka Baltiki, na hizi zilikuwa manowari za ukweli, sio meli za mizigo zilizofungwa mizinga: Moskvityanin, Karl Liebknecht, nyingine kadhaa, na hata nyambizi nne ndogo ikiwemo Minoga iliyozinduliwa 1908. Kwenye karatasi Wekundu walikuwa na nguvu zaidi. Ila geti lina masharti yake. Baridi ikiingia Volga na sehemu ya kaskazini ya Kaspi zinaganda, meli zinakaa Astrakhan zinasubiri barafu iyeyuke. Maji ni mafupi, kwa hiyo inabidi zitoke mbali sana ndo zipate kina. Na mafuta hayapo, kwa sababu Baku haipo mikononi mwao. Wabolsheviki wa siri wa Baku, Anastas Mikoyan akiwa mmojawapo wa viongozi wao, walikuwa wanatuma petroli Astrakhan kwa boti za wavuvi za matanga, kimyakimya, zikikamatwa watu wamekwisha. Jiulize vita gani hivyo ambavyo ndege na manowari zinasubiri boti ya mvuvi.

Na hapo ndo nataka niseme kitu kuhusu neno vita vya majini, maana watu wakilisikia wanapiga picha ya meli kubwa zimepangana zinapigana mizinga kutwa. Kaspi siku za namna hiyo zilikuwa chache sana. Kazi yenyewe ilikuwa kukatiza watu njia. Mwisho wa Aprili 1919, barafu imeondoka, Wekundu walitoka wakaiteka Fort Alexandrovsk, ngome ndogo upande wa mashariki, na cha thamani humo kilikuwa mtambo wa redio. Weupe wa Petrovsk (leo ni Makhachkala) na wa Guriev (leo ni Atyrau, Kazakhstan) waliutumia kuwasiliana, na Wekundu wakaendelea kuuendesha kama vile hakuna kilichotokea. Tarehe 5 Mei manowari Karl Liebknecht ikaikamata meli ndogo Leila, ndani yuko Jenerali Grishin-Almazov anapeleka barua za Denikin kwa Kolchak. Akajipiga risasi, barua zikafika mikononi mwa Wekundu. Hebu fikiria uzito wake: majenerali wawili wakubwa wa Weupe, njia yao ya kuwasiliana inapita juu ya maji haya, na meli moja imeikata.

Siku kumi na sita baadaye, tarehe 21 Mei, Norris akaingia na meli zake kwenye ghuba ya Fort Alexandrovsk. Hili ndo pambano kubwa la Kaspi na lilikuwa la karibu, ghuba ni finyu, mizinga ya ufukweni inapiga, meli za Wekundu zimejaa ndani. Emile Nobel ilipigwa sehemu ya injini, watu wakafa, lakini ikaendelea. Wekundu walipoteza meli kadhaa, Minoga ikanasa waya wa chuma kwenye rafadha yake na baharia mmoja ikabidi azame kwenye maji ya baridi kuukata, na siku iliyofuata ndege za Waingereza zikaja kuwapiga tena, Moskvityanin nayo ikaishia humo. Meli za mafuta na mizigo zimezipiga manowari. Sio kwamba Wekundu walikuwa waoga, shida ni kwamba ukiingia kwenye ghuba moja bila mafuta ya kuzunguka na bila macho ya angani, manowari yako nzuri inakuwa imeegeshwa tu.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Waingereza walifukuzwa Kaspi kwa kupigwa baharini, mwambie haikuwa hivyo, kiangazi cha 1919 wao ndo walikuwa wenye maji. Waliondoka kwa sababu ya nyumbani: vita na Ujerumani vimeisha, askari wamechoka wanataka kurudi kwao, hela hamna, na London hawakubaliani kwa nini wapo huko. Agosti 1919 wakawakabidhi Weupe meli na mizinga, wakaondoka Baku. Weupe wakaweka kituo chao Petrovsk chini ya Admirali Sergeev, na kwa miezi michache wakawa na kikosi kizuri kuliko jeshi lao la nchi kavu.

Na nchi kavu ndo ilikowamaliza. Denikin alipovunjika majira ya baridi ya 1919 kuingia 1920, bandari zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine, na hakuna pambano lolote la majini lililosababisha hilo. Petrovsk ikaanguka mwisho wa Machi 1920. Kikosi kikakimbilia Baku, Azerbaijan ikaona hawa watatuletea matatizo. Kikaenda Enzeli kwa Waingereza waliobaki Uajemi, Waingereza wakakipokea lakini wakazinyang'anya meli vifungio vya mizinga, ambavyo bila hivyo mzinga haupigi, na kuzizuia hapohapo. Tarehe 28 Aprili Wekundu wakawa wameshaingia Baku, kwa treni za kivita kutoka Dagestan. Sasa wana geti na wana pampu. Na wale Weupe wako Enzeli, meli nzima, mabaharia wazima, hamna pa kwenda tena.

Linganisha na Bahari Nyeusi. Novemba mwaka huohuo Jenerali Wrangel wa Weupe aliposhindwa Crimea alipakia watu karibu 150,000 kwenye meli zaidi ya 100, akapita mlango wa Istanbul, na manowari zake zikaishia Bizerte, Tunisia. Alishindwa vita lakini watu waliokoka kwa sababu bahari ile ina pa kutokea. Kaspi haina. Ndo maana mimi sikubaliani na wanaoandika juu ya Kaspi kama mchezo wa pembeni wa mizinga na ndege, kwa waliokuwa ndani ya zile meli ilikuwa ni kuhesabu bandari zinavyopungua.

Aliyekuja kufunga hesabu alikuwa Fyodor Raskolnikov, kamanda wa kikosi cha Volga na Kaspi, na huyu historia yake na Waingereza ni ndefu. Desemba 1918 walimkamata kwenye Baltiki, wakampeleka London, akafungwa jela ya Brixton, Mei 1919 wakambadilishana na wafungwa wao. Mwaka haukupita sana, alfajiri ya tarehe 18 Mei 1920, akatokea mbele ya Enzeli na meli zake, akapiga mizinga, akashusha askari mashariki ya mji wakakata barabara ya kwenda mji wa Rasht. Maelezo yake yalikuwa kwamba amekuja kuchukua mali ya Urusi iliyoibwa, sio kupigana na Uajemi. Jenerali Bateman-Champain wa Uingereza hakuwa na cha kujibia, akaachia bandari pamoja na meli zote za Weupe, akaruhusiwa kuondoka na watu wake kwenda Rasht.

Na kuna mabaharia wachache wa Kiingereza ambao hawakufika hata huko. Walikuwa wametumwa kwenda Enzeli kusimamia zile meli, wakapita Baku siku zilezile Wekundu wanaingia, wakakamatwa na kufungwa jela mpaka Novemba. Mmoja wao alikuwa ofisa kijana anaitwa Bruce Fraser, ambaye mwaka 1943 alikuja kuizamisha manowari ya Kijerumani Scharnhorst, na tarehe 2 Septemba 1945 akatia saini kwa niaba ya Uingereza siku Japani inasalimu amri.

Wekundu waliotua Enzeli wakaunga mkono jamhuri ya kimapinduzi ya Gilan, jimbo la Uajemi lenye miji ya Enzeli na Rasht, pamoja na kiongozi wa waasi wa huko Mirza Kuchik Khan, nayo haikufika mwisho wa 1921. Kilichodumu ni mkataba wa tarehe 26 Februari 1921 kati ya Moscow na Uajemi, ambao uliwarudishia Waajemi haki ya kuwa na meli zao zenye bendera yao Kaspi, haki waliyonyimwa karibu miaka 100. Baada ya Sovieti kuvunjika 1991 nchi za ufukweni zikawa tano, Urusi, Iran, Azerbaijan, Turkmenistan na Kazakhstan, zikabishana miaka zaidi ya 20 nani ana kipi, na mkataba wao waliotia saini Aktau tarehe 12 Agosti 2018 una kipengele kinachosema majeshi ya nchi isiyo ya ufukweni hayaruhusiwi kuwepo kwenye maji hayo.